Wanaoafiki Waseme Ndiyo

Kabla hajawa mheshimiwa, alikuwa mwita mizani. Kazi hiyo siku hizi haipo, kwa hiyo tuanzie hapo. Kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, wakulima walipanga foleni uani na magunia yao, na mashine zilinguruma ndani kiasi kwamba mtu hamsikii hata aliye ubavuni mwake. Karani wa kuandika alijifungia kwenye kibanda cha bati mwisho wa ua, akikimbia vumbi. Basi akatakiwa mtu wa kusimama kwenye mizani, asome uzito, aupaze mpaka kibandani, kisha amwite anayefuata: "Mwingine asogee!" Walijaribiwa wanaume wenye vifua vipana, wakakaukiwa na sauti kabla ya adhuhuri. Huyu alikuwa kijana mwembamba, shati linampwaya, lakini alipofungua kinywa kuku wa nyuma ya kiwanda walitawanyika. Wakulima wakamwita Radi. Jina alilopewa na wazazi likabaki kwenye vyeti, na hata dada yake hakulitumia tena isipokuwa amekasirika.

Dada ndiye aliyemlea. Baba yao alitangulia mapema, mama akafuata Radi akiwa bado hajui kufunga vifungo vya shati, na Dada akaacha shule akashika jembe. Waliishi bondeni, kwenye nyumba ya wazazi, mto ukisikika hata mtu akiwa kitandani, na makaburi ya wazazi nyuma ya jiko. Walikuja wanaume kumposa. Kila mmoja alimwuliza kama yuko tayari kuoa mke na mtoto kwa mkupuo, na hakuna aliyejibu akaridhika. Kwa hiyo hakuolewa, na hakuna siku aliyomhesabia mdogo wake jambo hilo. Watu wa aina hiyo ni hatari sana kuwa na deni la utu kwao, maana hawadai.

Ubunge wenyewe aliuokota njiani. Chama kilileta mgombea, bwana mmoja msomi, mpole, mwenye sauti ya mtu anayezungumza wodini. Siku ya mkutano vipaza sauti vikagoma. Wakamtafuta Radi kiwandani, wakamsimamisha karibu na mgombea awe anarudia kila sentensi ili watu wa nyuma wapate. Akarudia. Mkutano ulipokwisha, wazee wakaulizana kuna haja gani ya kumchagua anayenong'ona wakati anayesikika yupo palepale. Utani ukazaa maneno, maneno yakazaa jina kwenye karatasi ya kura, na mwaka uliofuata Radi akavaa suti ya kwanza maishani mwake. Dada alimfungia tai akakosea, ikamkaba, akacheka mpaka akakaa chini.

Hotuba yake ya kwanza bungeni ilihusu daraja. Mto wa bondeni ulikuwa unachukua watu kila masika, na yeye aliwajua waliochukuliwa kwa majina. Alisema vizuri. Hakusoma popote, hakutafuta maneno makubwa, na waheshimiwa waliokuwa wanasinzia waliinua vichwa. Alipofika mwisho akapumua, na kabla hajakaa, ulimi wake ukafanya ulichozoea kufanya kila siku kwenye mizani. "Mwingine asogee!" akapaza.

Jamani. Ukumbi mzima ulianguka kwa kicheko. Spika wa wakati huo alivua miwani akafuta machozi kwa kitambaa. Walicheka upande wa chama chake, wakacheka upinzani, wakacheka waandishi juu kwenye roshani yao, na daraja likazama humohumo. Kwa miezi, kwenye foleni ya chai ya kantini, lazima mtu angepaza sauti nyuma yake, "Mwingine asogee!" Naye aligeuka akacheka nao, kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole mbele ya wageni. Lakini chumbani kwake alikaa ukingoni mwa kitanda na viatu miguuni, akajiapiza kwamba watu wale hawatamcheka tena mpaka anaingia kaburini.

Hapo ndipo alipopotelea, kama mnataka kujua. Mtu aliyekuwa anasema kwa maneno yake mwenyewe akaanza kusema kwa maneno ya kuazima. Akisimama, "Mheshimiwa Spika, awali ya yote naunga mkono hoja." Akikaa, "Baada ya kusema hayo, Mheshimiwa Spika, naunga mkono hoja." Katikati alishukuru. Hakuna anayemcheka mtu wa namna hiyo, maana hakuna anayemsikiliza.

Chama, hata hivyo, kilikuwa kimeshaona faida yake. Kule ndani mambo mengi huamuliwa kwa sauti. Spika huuliza, "Wanaoafiki waseme ndiyo," wanapiga kelele; kisha, "Wasioafiki waseme siyo," nao wanapiga kelele; halafu Spika hupima kwa masikio yake mwenyewe na kutamka nani kashinda. Sasa mtu mwenye kifua kama kile ni watu wangapi? Kiranja wa chama, ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha waheshimiwa wake wamo ukumbini na vinywa vyao viko tayari, alimhamisha Radi kutoka kona ya nyuma akamkalisha katikati kabisa, chini ya kipaza sauti kinachoning'inia. "Kazi yako nyepesi, mzee," alimwambia. "Wewe anza, wengine watafuata."

Akaanza, na wengine wakafuata. Wabunge wakaja, wabunge wakaenda, maspika wakabadilika, zulia la ukumbini likabadilishwa, na Radi akabaki pale katikati na ndiyo yake. Nyumbani walimrudisha kila uchaguzi kwa sababu hakukosa msiba. Alifika, akakanyaga matope kama wengine, akaongea makaburini bila kipaza sauti, na wa mbali wakasikia sifa za marehemu wao. Zahanati ilipata ukuta. Shule ilipata bati. Daraja halikuja.

Alijifunza pia kulala. Baada ya chakula cha mchana, joto likipanda na mtu akisoma takwimu kwa sauti moja, nusu ya ukumbi huwa imelala, lakini Radi alilala kwa ustadi: kidevu kwenye tai, macho nusu, mikono juu ya tumbo. Sikio lake tu lilibaki zamu. Likisikia "wanaoafiki," kifua kilijaa chenyewe, na ndiyo ikatoka kabla yeye hajafika. Kantini walikuwa na mzaha wao: Radi akifa msimzike haraka, kwanza Spika aulize swali, huenda akajibu. Mwenyewe aliupenda mzaha huo, maana ulimcheka kwa heshima.

Katika ndiyo zake mojawapo ilikuwa ya kuuza viwanda vya pamba. Hakuusoma muswada. Kiwanda chake cha zamani kilifungwa, mashine zikapakiwa, na ile mizani aliyosimama kando yake ujanani ikauzwa kama chuma chakavu. Alipokwenda nyumbani Dada alikuwa anachambua maharage kwenye ungo.

"Kule walipouliza, ulisema nini?" Dada aliuliza.

"Nilisema ndiyo, dada. Kama wote."

Dada aliokota jiwe dogo kwenye ungo akalitupa uani, akaendelea kuchambua.

Miaka ikasonga mpaka ukaja muswada wa bwawa. Nchi ilikuwa inataka umeme, na hilo halikuwa na ubishi. Wataalamu walikuwa na mahali pawili. Kwanza korongo la juu, ambako hakuishi kitu ila nyani, lakini barabara yake ingechukua muda. Pili bonde, lililokuwa karibu na tayari, isipokuwa lilikuwa na watu. Muswada ulitaja bonde. Ukipita, maji yatapanda juu ya nyumba, mashamba, shule yenye bati jipya na makaburi. Ukianguka, watarudi kwenye korongo. Na safari hii hata ndani ya chama kulikuwa na minong'ono, kwani wapo walioona aibu kuzamisha watu kwa ajili ya kukwepa kujenga barabara.

Radi alipokwenda nyumbani, Dada alimngoja mlangoni. Alikuwa mzee sasa, mgongo umepinda, anatembea ameshika ukuta. Hakumpa hata kiti. Akamshika mkono kama alivyomshika siku ya kwanza ya shule, akampitisha jikoni mpaka nyuma, akamsimamisha mbele ya kaburi la mama yao.

"Mdogo wangu, mimi nimewahi kukuomba kitu?"

"Hujawahi, dada."

"Leo naomba. Neno moja tu. Kule ndani wakiuliza, sema siyo."

Alisema atasema. Dada akatikisa kichwa, akasema hapana, si hivyo. "Weka mkono hapa, useme nisikie."

Radi akainama, akaweka kiganja kwenye udongo. "Siyo," akasema.

"Hiyo ni sauti gani? Mimi nimelea mgonjwa? Kwa sauti."

Akajaza kifua. Siyo yake ilivuka mto ikagonga kilima cha pili ikarudi, na ndege wakaruka kwenye mianzi. Dada akacheka, akafuta macho kwa upindo wa nguo. Alisema siku ya kura atatoa redio nje, aite majirani wote, wasikilize. Bunge lilikuwa linatangazwa moja kwa moja, na sauti ya Radi katikati ya wengine hata mtoto wa bondeni aliitambua.

Siku ilipofika, aliomba nafasi ya kuchangia. Kiranja akamfuata kwenye korido, akamweka pembeni karibu na dirisha. Hakumtisha. Watu wa kazi ile hawatishi mzee wa umri ule. "Sema unachotaka, mzee wangu," alimwambia, akimnyoosha kola ya koti. "Piga kelele watu wako wakusikie, ni haki yao. Lakini kwenye kura tukumbuke tulikotoka." Radi akairudisha kola ilivyokuwa. Akapiga moyo konde, akaingia ukumbini.

Alipoitwa, alisimama, na ulimi ukakimbilia njia yake. "Mheshimiwa Spika, awali ya yote..." Akajikamata. Ukumbi ulingoja. Akashika ukingo wa meza. "Awali ya yote," akasema, "siungi mkono hoja."

Hakuna aliyecheka. Upande wa upinzani wakaanza kupiga meza, na mpigaji mkubwa alikuwa kijana mmoja wakili, waliyemwita Mwanasheria, ambaye siku zote alikuwa akimsalimia Radi kwa adabu na kumpita. Radi akaongea. Aliongea juu ya mto, na walioliwa na mto, na daraja ambalo lingekuja sasa likute maji yamefunika pande zote mbili. Alisema dada yake yuko pale na mama yake yuko pale. Maneno yalikuwa yake mwenyewe, yaleyale ya siku ya kwanza, yalikuwa yamemngoja miaka yote hiyo. Alipokaa, shati lilikuwa limelowa mgongoni na upande wake wa chama ulikuwa unatazamana. Kule bondeni, aliambiwa baadaye, watu walikumbatiana, na Dada akaifuta redio vumbi kana kwamba ndiyo iliyosema.

Ingeishia hapo ingekuwa hadithi nzuri. Lakini mjadala uliendelea baada ya chakula. Waziri alisimama kujibu hoja, na waziri yule alikuwa na karatasi nyingi. Feni zilizunguka bila kuleta hewa. Radi usiku uliopita hakuwa amepata usingizi hata wa dawa, na sasa mzigo ulikuwa umemtoka kifuani, mwili ukalegea, kidevu kikashuka kwenye tai. Alijiambia anapumzisha macho. Wote husema hivyo.

"Sasa nitawahoji," Spika alisema. "Wanaoafiki waseme ndiyo."

Upande wa chama ulisita. Ilikuwa pumzi moja tu, watu wakitazamana nani aanze, wengine wakiwa wameamua moyoni wanyamaze. Na katika pumzi hiyo kifua cha Radi kikajaa chenyewe. Ndiyo yake ilitoka peke yake, nzima, imenyooka, ikagonga kuta za mbao na kuingia kwenye kipaza sauti kilichoning'inia juu ya kichwa chake. Waliosita wakapata njia. Wakafuata kama mbuzi wanavyofuata kengele, na ndiyo ikawa kubwa.

Akafumbua macho. Alijua kabla ya kuambiwa, kama mtu anavyojua ameangusha sahani kabla haijafika chini.

"Wasioafiki waseme siyo."

Alifungua kinywa. Kinywa kilifunguka, hilo shahidi ni Mwanasheria aliyekuwa anamtazama. Hakikutoka kitu. Wengine walipiga kelele zao, si haba, lakini bila yeye zilisikika nyembamba. Spika akakunja midomo akipima, akatabasamu. "Nadhani walioafiki wameshinda."

Nadhani, alisema. Kwa sababu bado kulikuwa na mlango mmoja. Kwa kanuni zao, wabunge wakiona Spika amekosea kupima, wanasimama. Wakifika idadi inayotakiwa, sauti zinafutwa, na kila mmoja anaitwa kwa jina ajibu peke yake. Na kwa majina, wale walioona aibu wangejibu kwa aibu yao, si kwa kelele za jirani. Mwanasheria alisimama. Upinzani wote ukasimama. Upande wa chama mama mmoja akasimama, kisha mwingine, kisha mzee mmoja aliyekuwa anastaafu. Spika akawa anahesabu kwa kidole, taratibu, kama asiyependa anachohesabu.

Mwanasheria akageuka. "Mzee, simama," akamwambia kwa sauti ya chini. "Umebaki wewe."

Radi akaweka mikono kwenye maegemeo ya kiti. Magoti yalikuwa mazima, tusimsingizie ugonjwa. Lakini aliona kitakachofuata kama kimeshatokea. Atasimama, Spika atamwangalia juu ya miwani, atasema, Mheshimiwa, si nimekusikia wewe sasa hivi? Na ukumbi utaanguka. Roshani itaanguka. Mzee mzima hajui alichosema. Kantini watakuwa na mzaha mpya mpaka anakufa. Nyuma yake mtu alikuwa ameshaanza kuguna kile kicheko cha puani. Kisha mkono wa kiranja ukatua begani kwake, mwepesi, mkono wa mwana kwa baba. "Asante, mzee," akanong'ona. "Tulijua hutatutupa."

Mikono ya Radi ikatoka kwenye maegemeo, ikarudi kwenye magoti.

"Wamepungua mmoja," Spika alisema. "Walioafiki wameshinda." Meza zikapigwa.

Kwenye korido alikutana na Mwanasheria. Radi alitarajia tusi, na tusi lingemsaidia. Kijana alisimama tu, akasema, "Shikamoo, mzee," akaenda zake. Nyumbani kwake mjini, mkewe alikuwa ameshazima redio.

"Ulimi ulinitoka, mama watoto," alimwambia. "Nilikuwa nimesinzia."

"Heri kujikwaa kidole," mkewe alisema, akampakulia chakula, na methali nusu ile ikakaa mezani kati yao mpaka vyombo vikatolewa. Alipiga simu bondeni, kwa jirani mwenye simu. Jirani akasema Dada amekwenda kuchota maji. Akapiga kesho yake. Amekwenda kuchota maji. Akaacha kupiga.

Yalikuwa maji ya kutosha, ukifikiria. Matrekta yalifika masika yalipokatika. Familia zikahamishiwa uwanda wa juu, kwenye nyumba za bati zilizopangwa mistari, ambako upepo hausimami na udongo haushiki mbegu. Uchaguzi ukaja katikati ya vurugu hizo. Wengi wa bondeni hawakuwa wameandikishwa kwenye makazi mapya, na wengine hawakujali tena nani anawasemea, na Radi akarudishwa bila taabu. Hakuna ushindi aliouona mchungu kama ule. Bungeni alikalishwa palepale katikati, lakini Spika akihoji yeye alichezesha midomo tu. Kiranja alilalamika, akamshauri amwone daktari wa koo.

Dada alikuwa wa mwisho kubaki. Alisema hatoki mpaka wazazi wametoka. Sheria ilitaka kaburi lisifukuliwe bila mwanafamilia kusimama hapo na kukubali mbele ya bwana afya na mashahidi. Ikabidi Radi aende.

Alimkuta jikoni, amekaa kwenye kigoda, moto mdogo. Nyumba za majirani zilikuwa zimeshavuliwa bati, kuta zimebaki wazi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekula?"

"Bado."

Akampakulia. Radi akala kwa sababu hakuthubutu kukataa, na trekta lilikuwa linanguruma ng'ambo, chakula hakina ladha. Mwishoni akaweka sahani chini. "Dada, siku ile. Nilikuwa nimelala. Sikukusudia, ulimi tu, kwa mazoea..."

"Najua," Dada alisema. "Mimi sijui sauti yako ya usingizini? Tangu mdogo unaongea umelala. Nilipoisikia tu nikawaambia majirani, tulieni, huyu amelala, sasa hivi ataamka. Wengine walikuwa wameanza kukutukana, nikawanyamazisha. Kosa la ulimi nililisamehe palepale, redio bado inasema."

Radi akainamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akajiona mwepesi. Dada akasukuma ukuni ndani.

"Kisha mtangazaji akasema wapo wanaosimama. Nikawaambia, mnaona, ameamka. Tukangoja. Watu walishikana mikono hapa, hapo ulipokaa wewe. Spika akasema wamepungua mmoja." Akamtazama. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, lakini alimtazama sawasawa. "Nimengoja uje nikuulize hili tu, sitakuuliza lingine. Wakati ule ulikuwa umeamka?"

Angeweza kudanganya. Mtu aliyemlea angempokelea uongo ule kama alivyompokelea mengine yote, na pengine alikuwa anamwomba aseme uongo. Radi alitazama moto.

"Nilikuwa nimeamka, dada."

Dada akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei aliyoitarajia. Akachukua kata, akamwagia moto maji. Jivu likapanda, wakakohoa wote wawili. "Twende," akasema. "Watu wanangoja."

Nyuma ya jiko walikuwa wamesimama bwana afya na koti lake jeupe, mashahidi wawili, na wachimbaji wakiegemea makoleo. Masanduku mawili madogo ya mbao yalikuwa yamewekwa kwenye nyasi, madogo kuliko Radi alivyotegemea. Bwana afya alisoma aliyotakiwa kusoma, akakunja karatasi, akageukia familia.

"Huyu ni mama yenu mzazi?"

"Ni yeye," Dada alisema.

"Mnaafiki afukuliwe na kuhamishwa?"

Dada akarudi nyuma hatua moja. Alishika ukuta wa jiko. "Mwulizeni mheshimiwa," akasema. "Ndiye anayetusemea."

Wote wakamgeukia. Radi aliangalia ule udongo aliouwekea kiganja. "Ndiyo," akasema.

Bwana afya akaweka mkono sikioni, trekta lilikuwa limekaribia. "Sijasikia, mzee. Na mashahidi hawajasikia."

Dada akamgusa kiwiko. Hakuwa na hasira. Alimgusa kama alivyokuwa akimgusa zamani kumkumbusha kusalimia wageni. "Paza sauti, mdogo wangu," akamwambia. "Kule tulikusikia wote."

Radi akajaza kifua. Ilisikika mpaka ng'ambo ya mto, na wachimbaji wakatema mate viganjani, wakaanza.